Aliyetangaza Msiba wa Bi Tabita

Rabson alikuwa na sauti, jamani. Kama hukuwahi kuisikia, basi Tunduma hukukaa, ulipita tu. Alizaliwa Hasamba kwenye mashamba ya kahawa, akaja mjini akiwa kijana, akaanza kwa kupiga debe stendi. Baadaye akapata bajaji, akafunga spika mbili juu yake, akawa mtangazaji. Alitangaza mikutano ya injili, chanjo za watoto, mbuzi waliopotea, na hasa misiba. Mtu akifariki, kabla turubai halijafungwa ndugu walishamfuata Rabson.

Na kazi aliijua. Hakuwa mtu wa kupita anabwabwaja juu ya muziki. Alisimama njia panda, akazima injini, akakohoa mara moja, halafu akamtaja marehemu: mtoto wa nani, mama wa nani, alikuwa akiuza nini na sokoni alikaa upande gani. Alisema kwa Kiswahili, akarudia kwa Kinyamwanga, na alipokaribia boda akamalizia na salamu ya Kibemba, "mwapoleni mukwai", ili hata wafanyabiashara wa Nakonde, upande wa Zambia, wajue kuna jambo. Watu walifunga maduka wakaenda kumzika mtu waliyekuwa wameshamsahau.

Kosa lake lilikuwa moja tu, kama ni kosa: alikuwa mpinzani na hakujificha. Chama chake hakikuwa na hela ya mabango, kwa hiyo bango lilikuwa yeye. Ulipofika uchaguzi wa mitaa, wagombea wao wote wakaenguliwa. Rabson akauzunguka mji na spika zake: "Wagombea wetu wameenguliwa wote. Anayejua kosa lao aje atuambie, tuko tayari kusikiliza." Ni hayo tu, hakumtukana mtu. Polisi wakambeba mchana kweupe, wakampa kesi ya uchochezi, na shahidi wa kwanza kuandikisha maelezo alikuwa jirani yake Ferdinand, mwenyekiti wa mtaa kwa tiketi ya chama tawala.

Akasota mahabusu. Dhamana ilipopatikana ikaja na masharti: asishike maiki, asitoe tangazo lolote hadharani. Akikiuka, anarudi ndani mpaka kesi iishe. Na kesi yenyewe ingeisha lini? Kila mwezi alipanda gari kwenda mahakamani Vwawa, na kila mwezi akaambiwa upelelezi haujakamilika. Alishauzoea huo wimbo, hata kiitikio angeweza kuimba.

Sasa mtangazaji asiyetangaza anakula nini? Loisi, mkewe, akaongeza unga wa maandazi. Rabson akawa anabeba abiria, spika zake zimefunikwa gunia chumbani. Kilichomkera kuliko yote ni vijana waliomrithi. Wanarekodi tangazo kwenye flashi, wanaliachia linajirudia kutwa nzima, wao wanachati. Siku moja walimtangaza marehemu mzee Bugalama, na kabla jina halijaisha likadakia tangazo la ofa ya magodoro. Rabson alisonya mpaka abiria wake akadhani amesonywa yeye.

Ndipo akafariki Bi Tabita.

Bi Tabita alikuwa mama mzazi wa Ferdinand. Aliuza maharage sokoni miaka nenda miaka rudi, na enzi zile Rabson akiwa mpiga debe, bibi huyo akimwona mdomo umemkauka alimwita, "Njoo ule, wewe mwenye kelele." Siasa hakuzijali hata kidogo. Baada ya kesi kuanza aliwahi kumsimamisha Rabson njiani akamuuliza, "Wewe na Ferdinand mnagombania nini? Wote nimewapakulia sufuria moja."

Alifariki Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi Ferdinand akabisha hodi kwa Rabson, mlango ambao hakuwa ameugusa tangu aandikishe maelezo yale. Macho yalikuwa mekundu na shati amefunga vifungo vibaya.

"Pole sana, Mwenyekiti," Rabson alisema, akampa kiti.

"Asante, jirani." Ferdinand hakukaa. "Mama aliacha neno. Alisema akifa, umtangaze wewe. Alisema hataki kutangazwa na flashi."

Rabson alitaka kucheka, machozi yakamlengalenga badala yake. Alimpenda yule bibi. "Masharti yangu unayajua kuliko mimi," alisema.

"Nayajua. Nitaongea na kituo mimi mwenyewe. Huu ni msiba, si mkutano wa hadhara. Nani atakugusa nikisema nimekutuma mimi?"

Alipoondoka, Loisi akatoka jikoni na mikono ya unga. "Baba Jairo, usijipalie makaa. Huyu ndiye aliyekuweka ndani."

"Najua, Mama Jairo. Lakini Bi Tabita hakuniweka ndani."

Loisi alimtazama kwa hasira, kisha akaenda kufunua gunia. Spika moja ilikuwa imeingia buibui. Akaifuta kwa khanga yake mwenyewe, huku anagomba.

Njia panda ya kwanza sauti ilitoka na kutu. Ya pili ikakaa sawa. "Ndugu zangu wa Tunduma, nawapa pole. Mama yetu Tabita, muuza maharage wa soko la chini, yule aliyekuwa akikuongezea konzi moja bila kuombwa, ametutoka jana jioni. Tunamzika leo saa tisa alasiri. Uliyekula maharage yake, njoo umsindikize."

We! Watu walitoka. Si kwa sababu ya msiba peke yake, maana walikuwa hawajamaliza hata kusikia jina. Wabadilisha fedha waliacha meza zao, kina mama wakasimama na ndoo, madereva waliokwama kwenye foleni ya malori wakachungulia madirishani. Kijana mmoja akapaza sauti, "Rabson! Umerudi! Hebu tupe na yale mengine!" Watu wakapiga makofi.

Usidhani hakutamani. Ulimi ulimwasha. Mji mzima ulikuwa umesimama mbele yake na maiki iko mkononi, na kwa muda wote ule aliofungwa mdomo alikuwa na maneno ya kujaza siku mbili. Akaiziba maiki kwa kiganja. "Kaka, leo tuna msiba," alisema, akawasha bajaji akaendelea.

Polisi walimkamata karibu na boda, "mwapoleni" ikiwa bado hewani.

Pale kituoni alieleza kwa utulivu kabisa. Hakuwa na wasiwasi, maana aliyemtuma anajulikana. "Mpigieni Mwenyekiti," alisema. Wakampigia, simu ikawekwa sauti ya juu, na Rabson akasikia upande wa pili wa simu vishindo vya viti na sauti za wakubwa wa chama waliokuwa wamekuja kutoa rambirambi.

"Mwenyekiti, pole na msiba. Tuna Rabson hapa, anasema ulimtuma wewe."

Ferdinand akasema, "Hapana. Mimi sina habari hiyo, afande."

Iliuma, tena iliuma vibaya. Rabson alivua mkanda na viatu kama utaratibu unavyotaka, akaingia mahabusu, akakaa ukutani pale pale alipokaa mara ya kwanza. Alijiona mjinga. Akilini alimwona Loisi akibeba tena chakula kila siku mpaka upelelezi ukamilike, yaani hadi lini hakuna ajuaye. Saa tisa ilipofika hakuna aliyemwambia, aliona tu kivuli cha nondo za dirisha kikisogea sakafuni.

Yaliyotokea makaburini alikuja kusimuliwa baadaye na Loisi. Baada ya kaburi kufunikwa na mashada kuwekwa, Ferdinand alipewa maiki atoe shukrani za familia. Wakubwa wa chama walikaa viti vya mbele. Akashukuru kwaya. Akashukuru vijana waliochimba kaburi, kina mama wa jikoni, wenye magari. Akanyoosha mkono kurudisha maiki.

"Na aliyetuita je?"

Ilikuwa sauti ya Loisi, kutoka kati ya wanawake. Hakupiga kelele. Lakini mama mmoja wa sokoni akadaka: "Ndiyo, na aliyetuita?" Maneno yakaenda yakizagaa kwa watu waliosimama mpaka ng'ambo ya barabara, aliyetuita yuko wapi, mbona hatumwoni.

Ferdinand alibaki na maiki mkononi. Alitazama viti vya mbele, akatazama tuta la udongo mbichi.

"Aliyewaita ni Rabson," akasema. "Nilimtuma mimi. Mama alitaka hivyo. Asubuhi nimeulizwa, nikakana. Yuko ndani sasa hivi. Mama, nisamehe."

Hakuongeza neno. Maelezo aliyoandikisha kwenye kesi ya zamani hakuyagusa, na hajayagusa mpaka leo, wala wakubwa wale hawakungoja chakula. Lakini lilikuwa limeshasemwa kwenye spika mbele ya mji mzima, na kituo hakikuwa na namna.

Jioni askari akafungua mlango wa mahabusu. "Toka. Umetetewa. Spika na maiki tunabaki navyo, ni vielelezo."

Rabson alikaa kwenye benchi la kaunta kufunga kamba za viatu. Hakuuliza katetewa na nani. "Afande," alisema, "watu walikuja?"

"Watu gani?"

"Mazishini."

Askari aliacha kuandika. Na yeye alikuwa ametoka huko huko, viatu vyake vina udongo mwekundu. "Walijaa, mzee. Malori yalisimama. Mimi sijawahi kuona maziko ya namna ile hapa mjini."

Rabson akaitikia kwa kichwa, kamba ya kiatu ikiwa bado mkononi, kisha akainama akalia kwa sauti ile ile kubwa, mpaka watu wa nje wakageuka. Mji mzima ameuita yeye, ila yeye mwenyewe hakuwapo kaburini kumtupia Bi Tabita hata konzi ya udongo.