Nywele Maro, Gauni Pichi

Kabla ya harusi ya mdogo wangu nilikuwa nimepika katika zote za ukoo wetu na wali wangu haujawahi kuungua. Sisemi kwamba ndio wali bora duniani, ingawa kuna mgeni aliyetoka Lokichoggio, akala sahani mbili, akasahau njia ya kurudi kwao. Ninachosema ni kwamba ukifungua albamu ya mama pale Lodwar utaona kila shangazi, kila binamu, hata mbuzi mmoja aliyekatiza nyuma ya bwana harusi. Katika harusi hizo mimi simo. Nilikuwa nyuma ya nyumba, ndani ya moshi, nakoroga.

Jambo hilo halikunisumbua mpaka nilipomaliza ngumbaru. Mtu akishasoma usiku miaka yote ile, mkono mmoja ukishika kalamu na mwingine ukiua mbu, akipata cheti chake anaanza kujiona kwenye picha.

Kwa hivyo mdogo wangu alipotaka kuolewa akaniambia, "Dada, safari hii utasimama na mimi mbele," nililia machozi ya kutosha kuongeza maji ziwani. Rangi ya wasimamizi ilikuwa imeshaamuliwa: pichi, ile ya chungwa iliyofifia. Mstari mzima pichi, kutoka kichwa hadi mkia.

Wakati huo nilikuwa Kakuma nikiuza mitumba. Nikaona kichwa kinachokwenda kwenye picha yake ya kwanza hakiwezi kwenda vile kilivyozaliwa. Nikaenda kwa mama mmoja Mkongo mwenye saluni ya mabati karibu na kibanda changu. Siku hiyo nywele zake zilikuwa zambarau. Juma lililotangulia zilikuwa za dhahabu. Nilimwamini mara moja, maana mtu aliyeharibu kichwa chake mwenyewe mara nyingi hivyo lazima kuna kitu amejifunza.

Alinishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga wa mlango kama mtu anayechagua papai.

"Mama, hapa njo tutaweka maro," alisema.

"Maro ni nini?"

"Maron. Rangi ya chai ya maziwa yenye imekolea. Ni Kifaransa."

Yaani kahawia. Brauni, kama tunavyosema wote. Lakini neno lile lilinipendeza kuliko rangi yenyewe, hasa ile n ya mwisho ambayo haitoki mdomoni, inabaki puani. Wakati ananipaka dawa nililifanyia mazoezi mpaka mteja wa kiti cha pili akaniuliza kama nina mafua.

Alipomaliza kunisuuza nilitazama kioo nikaona mtu ambaye ningemsalimia kwanza.

"Sasa sikiliza," Mkongo akasema. "Nywele imekuwa ya moto, nguo ikuwe ya kuituliza. Vala kijani ya giza, vala haradali, vala buluu ya jioni. Wanja mweusi acha, paka wa kahawia. Midomo, rangi ya tofali." Akaniuzia lipstiki ya rangi ya tofali papo hapo, kwa hivyo mpaka leo sijui kama ile ilikuwa elimu au biashara.

"Na pichi?"

Alikunja uso. "Pichi itakuzika, mama. Watu watakuletea mchango."

Nilirudi kibandani, nikatafuta blauzi ya pichi katika mitumba yangu, nikaiweka kifuani. Mkongo alikuwa amenionea huruma. Nilifanana na mtu aliyetoroka wodini kabla ya dripu kuisha. Basi nikampigia mdogo wangu, kwa simu yangu ya mulika mwizi ambayo picha pekee inayoweza kukuonyesha ni ile ya betri ikiisha.

"Mdogo wangu, pichi haitanikubali. Nywele zangu sasa ni maro."

"Ni nini?"

"Maron," nikasema, n yangu nimeibana puani barabara.

Upande wake upepo ulikuwa unavuma, mtandao unakatika. Nilisikia "kama" halafu nikasikia "shule". Nikajua anasifu masomo yangu.

"Eh, na inanikaa sana," nikajibu.

Halafu mtandao, ambao una roho mbaya, ukawa safi kama maji ya chupa. "Dada, hii ni harusi yangu. Watu wa mume wote wanatoka Kainuk kuja kutuangalia. Wewe utatusaidia tu jikoni. Gauni lako nampa binamu."

Akakata. Mimi nikaelewa nimefukuzwa kwenye picha kwa sababu ya kukataa pichi. Yeye, kumbe, alikuwa amesikia maruni. Huku kwetu maruni ni ile nyekundu iliyoiva mpaka ikakaribia kuoza, rangi ya sweta za shule. Alikuwa ameuliza, "Kama sweta ya shule?" nami nikamwambia inanikaa sana.

Nilinuna kwa nguvu zote ambazo Mungu alinipa. Nilichukua leso yangu ya jikoni, ya kijani cha giza, nikafunga kichwa kwa kitambaa kwa sababu ya vumbi na kwa sababu ya hasira, nikaenda Lodwar. Mdogo wangu alinipokea akiangalia kile kitambaa kama watu wanavyoangalia kidonda kilichofungwa. Hakuuliza. Sikueleza. Tukasalimiana ejok, ejok, kama maafisa wa serikali.

Asubuhi ya harusi nilikuwa mahali pangu, nyuma ya nyumba, sufuria mbili za wali ziko motoni na jua la Lodwar limeamka likiwa na kinyongo. Mama alikuwa pembeni yangu akimenya vitunguu. Mfuniko ulikuwa wa moto, sikuona cha kuushikia, nikavua kitambaa cha kichwa nikaushika nacho.

Mama akaacha kumenya.

"Nani alikwambia hii ni maruni?" akauliza.

"Nani alisema maruni?"

"Mdogo wako amelia juzi na jana. Anasema umejipaka sweta."

Shangazi akaja kuangalia, halafu binamu, ndani ya gauni langu la pichi, halafu bibi harusi mwenyewe, khanga kifuani na uso umepakwa poda upande mmoja tu.

"Dada," alisema polepole. "Uliniambia maruni."

"Nilikwambia maro."

"Maro ni nini?"

"Brauni. Kwa Kifaransa."

"Na kwa nini hukusema brauni?"

"Kwa sababu nimesoma."

Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. Mdogo wangu naye alijaribu kubaki na hasira, lakini poda ilianza kumpasuka pembeni mwa mdomo.

"Haya, binamu, vua gauni," akasema.

"Hili?" binamu akajibu. "Mimi nimeingia kwa kuvutwa na watu watatu. Kutoka ni mpaka mniletee wembe."

"Hata hivyo halinifai mimi," nikasema, lakini hawakuamini. Walinivuta hadi mlangoni, kwenye mwanga, wakanitandikia chini ya kidevu kipande cha pichi kilichobaki kwa fundi.

"Ulikufa lini?" shangazi akauliza.

Hapo wakaanza kuvua leso na mitandio yao, kila mmoja akiwa na hakika kwamba rangi yake ndiyo dawa. Pinki ilinifanya pipi iliyonyonywa ikatemwa. Nyeupe ilinifanya muuguzi asiyelala. Ile ya njano kali ilinipita, yaani iliingia mlangoni kabla yangu. Shangazi alitaka kunipaka lipstiki yake inayometameta kama samaki wa Ferguson's Gulf. Nikaficha mdomo, nikamwambia ninayo ya tofali. Na wakati huo wote bwana wa kamera alikuwa ameshafika, anauliza mstari uko wapi, na nilijua dakika hizi zikiisha nitarudishwa kwenye sufuria pamoja na kichwa changu cha Kifaransa.

Mama hakuwa ameinuka. "Mnahangaika na nini?" akasema. "Hiyo ni rangi ya ngamia."

"Mama, tafadhali," nikasema.

"Ni ya ngamia mzuri, sikutukani. Mama yangu alijipaka udongo mwekundu na mafuta akaipata hiyohiyo. Wewe umeenda mpaka kwa Wafaransa." Akakata kitunguu. "Sasa, ngamia anapendeza amesimama wapi? Kwenye mchanga humwoni. Kwenye mawe anafanana na mawe. Mvua ikinyesha, miti ikipata majani, ndiyo unamwona mpaka kope. Huyu kijani ameshavaa. Mwacheni."

Walinitazama kiunoni. Ilikuwa leso yangu ya jikoni. Shangazi aliifungua, akaipandisha, akaifunga begani kwa fundo moja kubwa, akarudi nyuma. Mkongo alikuwa ameniambia kijani cha giza nami nikakivaa kwa kupikia. Nilipaka midomo ya tofali bila kioo.

"Lakini atakuwa kijani na wengine wote pichi," binamu akasema, akipumua kwa shida.

Kila mtu akamgeukia bibi harusi. Ilikuwa harusi yake, na watu wa Kainuk walikuwa wanasikika wakiimba getini. Alinitazama kichwa, akanitazama leso, akachukua ncha ya nywele zangu akaigeuza juani.

"Hebu sema tena," akaniambia.

"Maron."

"Hiyo pua yako," akasema. "Osha mikono. Utasimama kushoto kwangu, hapo karibu kabisa, ili wajue ni makusudi."

Picha iko kwenye albamu ya mama. Mstari mrefu wa pichi, binamu akiwa ameshikilia pumzi, na karibu na bibi harusi mti mmoja uliopata mvua, ngamia juu yake. Ukiangalia sana utaona mkono wangu wa nyuma umeshika mwiko, maana niliambiwa nioshe mikono, sikuambiwa niweke mwiko chini.

Wali uliungua, sufuria zote mbili. Hakuna aliyeupiga picha.