Gari Lililovuta Kushoto

Fundi mzee aliingoja siku hiyo miaka miwili, tangu shemeji yake alipomfukuza katika gereji waliyoianzisha pamoja, akiwatangazia wateja kwamba macho ya mzee yamekwisha na kazi sasa ni ya mashine.

Mwalimu mmoja alimletea gari ambalo mashine ya shemeji huyo ilikuwa imelipima mwelekeo wa magurudumu mara tatu, na bado lilivuta kushoto. Mzee alihakikisha upepo wa matairi uko sawa na breki hazikamati zenyewe bila kukanyagwa, kisha akabadilisha nafasi za matairi ya mbele, la kushoto likaenda kulia. Walipolijaribu barabarani, gari likavuta kulia. Ubovu ulikuwa katika tairi, wala si katika vipimo.

"Basi nitafutie tairi jingine, mzee wangu, yaishe."

"Hayaishi hapa, mwalimu. Twende tukamsalimie shemeji."

Walimkuta uani, wateja wamejaa. Mzee akamketisha shemeji kwenye usukani, akamwambia aendeshe mbele ya gereji na kuuachia kidogo. Gari likaelekea kulia, nusura liingie mtaroni.

"Kwako lilivuta kushoto," mzee akasema, kila mtu akisikia. "Nimehamisha matairi tu, ugonjwa ukahama nayo. Mashine imepima mara tatu isiuone. Macho yaliyokwisha yameuona mara moja."

Shemeji akanong'ona, "Shemeji, tafadhali, tuyazungumze ofisini."

"Ulinifukuza hapa uani," mzee akajibu, akivuta kiti na kuketi katikati ya wateja. "Tutazungumza hapa hapa. Anza wewe."