Ruta ya Nyumba ya Msiba

Mwanangu wa kwanza alikuwa amelazwa Dar es Salaam, mama yangu akimuuguza. Mimi nilibaki Dodoma kwa mama mkwe na kichanga, mshono wa uzazi bado mbichi. Mtoto alikataa kula mpaka anione. Basi kila jioni, uji ukiletwa wodini, mama alinipigia kwa video, mtoto akaniona, akala.

Ndipo simu yangu ikaanza ujinga. Nyumba ileile, runinga ya mama mkwe inaonyesha tamthilia kupitia ruta ya intaneti, kompyuta ya shemeji inashika, simu yangu inazunguka tu. Na bando mtaani kwetu, chini ya kilima, lilitosha ujumbe, si video.

"Izime, iwashe," alisema shemeji. Anasoma chuo kule Chimwaga, nikamwamini. Nikazima, nikawasha. Nikafuta mtandao, nikaandika neno la siri upya. Nikachomoa na ruta yenyewe. Wapi!

Nikampokonya kompyuta, nikapiga. Mtoto akatokea, amekonda, macho tu.

"Mama yuko wapi?"

Kamera ya ile kompyuta ilikuwa imekufa. Ananisikia, hanioni. Akakipiga kijiko, uji ukamwagika shukani.

"Jana hakula, leo tena," mama akasema. "Daktari kaanza kuuliza." Akakata.

Nilitamani kuibamiza kompyuta ukutani. Shemeji akakuna kichwa. "Shemeji, ruta yetu ndogo, inabeba simu chache. Ikijaa, anayechelewa anabaki nje."

"Ijazwe na nani? Humu tuko watatu!"

Akatazama dirishani. Barazani, wanawake wa mtaa walikuwa mkekani, kila mmoja na simu yake mkononi. Msiba wa baba mkwe ulikuwa haujapoa. Waliokuja kuhani tuliwapa maji, tukawapa chai, tukawapa na neno la siri.

"Mama, nalibadilisha neno la siri," nikamwambia mama mkwe.

"Watu walionizikia mume wangu, leo niwafungie mlango?"

Ningejibu, ningetukana. Nikatoka na kichanga begani.

"Zimeni simu! Zote!"

Mmoja akacheka. "Makubwa! Mkamwana kaanza kutunyima hata upepo."

"Mwanangu yuko wodini, hali chakula mpaka anione, na simu zenu ndizo zilizonizibia mtandao. Cheka tena!"

Yule aliyecheka akazima kwanza. Wenzake wakafuata. Simu yangu ikashika. Nikapiga, wanawake wamejazana mgongoni kwangu.

Mtoto akanitazama. Hakutabasamu. Akageukia ukuta.

Nikamwita. Nikamwita tena.

"Usimwite," alinong'ona mmoja nyuma yangu. "Kasusa. Mwache akuone tu."

Nikaacha, nikaishika simu mbele ya uso wangu. Mama akapitisha kijiko juu ya bega la mtoto. Mtoto akachungulia kwa jicho moja, akafungua mdomo.