Siku Niliyomusifu Binti Yangu Mbele ya Dokta

Binti yangu wa pili ni infirmière, muuguzi, kule Beni. Naanza na hiyo ili mujue mapema. Mimi mwenyewe nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa primaire, nikaacha juu ya kubeba wadogo zangu mugongoni, na maisha yangu yote nimekaanga mandazi kando ya barabara hapa Butembo. Mais yeye anavaa blouse nyeupe. Akija kunisalimia na ile blouse, mimi ninakohoa kwa nguvu ili bajirani bageuke.

Donc, siku alishuka kwenye taxi ya Beni katikati ya juma, saa ya kazi, bila blouse, nilijua mambo imeharibika. Kwa miaka hii ya vita kule, mutu wa Beni akikufikia bila kukuambia, unahesabu kwanza batu bako kichwani. Nikamuuliza pale pale barabarani, kijiko cha mafuta mukononi:

"Nani amekufa?"

"Hakuna mutu, mama. Ni frigo."

Alikuwa amefungua frigo ya chanjo asubuhi. Mutu akamuita kule maternité, pahali bamama banazalia, akakimbia, na hakurudi kufunga. Chanjo zote za batoto ziliharibika. Na haikuwa mara ya kwanza kukosea. Alikwisha poteza register mbili. Alikwisha sahau mugonjwa mpaka sérum, ile maji ya mushipa, ikaisha na damu ikaanza kupanda kwenye mupira. Titulaire, ndiye mukubwa wa kituo chao, alimupa mwezi moja: ulete karatasi ya dokta inayosema uko na ugonjwa gani na utatibiwa namna gani, ao ulete blouse.

"Wanafukuza mutu juu ya mulango ya frigo?" nikasema.

"Haiko mulango, mama. Ni kichwa yangu. Ninasimamaka katikati ya chumba, sijui nilikuja kutafuta nini."

"Ata mimi."

"Wewe uko na miaka sabini!"

Hapo hakuna aliyecheka.

Jirani yangu, mukubwa wa shirika letu la sala, alikuja na maji ya baraka kwenye chupa ya mafuta. Akasema mutoto amefungwa na batu ba wivu, wanamuonea blouse. Nilimushukuru, nikamusindikiza mpaka kwenye njia. Binti yangu akasema yeye haendi kwa maombi, anaenda kwa dokta wa vichwa.

Ile nyumba ya wagonjwa ba kichwa iko juu kwa kilima. Sisi ba Butembo, mutoto akisumbua, tunamwambia: nitakupeleka kule juu. Sasa mimi ndiye nilikuwa ninapanda kule juu na wa kwangu, nimejifunika kitambaa cha kikwembe kichwani na mvua haiko. Nilikuwa naomba nisikutane na mutu wa kwa bakwe zake. Mume wake yuko mbali, kwenye machimbo, anakuja kwa Noeli. Mais mama yake anauza viazi vya Lubero sokoni, na macho ya ule mama yanafika pahali pote.

Mara ya kwanza dokta aliongea na binti yangu peke yake, asubuhi muzima. Alitoka akanieleza. Alimuuliza kama analala, kama anakunywa pombe, kama yuko na huzuni isiyoisha. Walimutoa damu, juu rovu, ule uvimbe wa shingo, pia inaweza kuchanganya mutu. Halafu karatasi ya maulizo: mara ngapi unapoteza vitu, mara ngapi unamukata mutu akiongea, mara ngapi unaanza kazi na hauimalizi. Nilimuuliza, "Na ulijibu nini?" Akasema, "Kweli." Dokta akamwambia arudi na vitu viwili: bulletin zake za shule, na mutu aliyemujua akingali mudogo.

Huyo mutu ni mimi.

Dokta alikuwa kijana mwembamba, mutu wa Kisangani, Swahili yake ya kule. Alinipa kiti kizuri, yeye akakaa kwenye kibovu. Akasema:

"Mama, kule Beni kila mutu anashtuka, kila mutu anasahau. Wameona mambo. Hiyo ni ugonjwa ingine, na dawa yake ingine. Huu ninaotafuta, tunaita TDAH, kichwa kisichotulia, hauanzi kwa mutu mukubwa. Unaanza utotoni, mbele ya miaka kumi na mbili, na unaonekana nyumbani na shuleni, pande zote mbili. Kama haukuwako wakati ule, siwezi kuuandika leo. Wewe ndiye unajua. Alikuwa mutoto wa namna gani?"

Sasa ile swali mimi ninaijua. Niliulizwa siku bakwe walipokuja kumuomba. Walikaa kwenye viti vya kuazima, muzee wao akasafisha koo, akauliza vile vile: binti yenu ni mutoto wa namna gani? Kwetu ile swali iko na jibu moja. Mama anasema: mutulivu, mwenye heshima, mukono wake wa kazi. Na siku ile, neno mutulivu likingali kwenye mudomo wangu, tulisikia sahani zinaanguka jikoni, moja, mbili, halafu zote. Muzee wao akacheka mpaka akatoa machozi. Mbuzi za mahari zilikuja hata hivyo.

Basi mudomo wangu ukajibu dokta namna ulivyojibu bakwe.

"Alikuwa mutulivu," nikasema.

"Alikuwa anapoteza vitu? Kalamu, viatu?"

"Hapana."

"Aliweza kukaa pahali pamoja?"

"Kama sanamu ya kanisa."

"Na bulletin?"

"Zilibakia nyuma wakati tulikimbia."

Hapa kwetu ukisema hivyo, hakuna anayekuuliza tena. Kila nyumba ilipoteza karatasi kwenye kukimbia. Dokta aliinamisha kichwa, akasema, "Pole, mama," na mimi nikapokea ile pole bila haya. Bulletin zilikuwa kwenye sanduku langu la chuma, chini ya kikwembe cha ndoa yangu. Sijui kusoma Kifaransa vizuri, lakini wino mwekundu ninaujua.

Binti yangu alikuwa ananiangalia. Akasema polepole:

"Mama, na ile kikwembe?"

"Kikwembe gani? Nyamaza, dokta anaongea."

Dokta aliweka chini bic yake ya kuandika. Alimwangalia yeye, akaniangalia mimi. Akasema turudi baada ya juma moja, majibu ya damu yatakuwa yametoka, na kama hakuna kingine ataandika anachokiona: woga na uchovu wa Beni. Atatibu huo.

Tulishuka kilima yeye mbele, mimi nyuma. Pale kwenye kona akageuka.

"Umenisifu mpaka umenipokonya kazi."

"Nilikuheshimu mbele ya mutu."

"Nani aliomba heshima? Mimi nilimwambia dokta ulikuwaka unanifunga. Sasa anaona mimi ni mwongo. Na ile dawa ya woga, atanipa juu ya ugonjwa ambao sina."

Alipanda taxi ya Beni palepale. Hakupita ata nyumbani kumuaga mutoto wake. Hiyo ndiyo ilinichoma, juu mutoto wake anaishi kwangu. Ni musichana wa miaka sita, niliomba wamulete hapa Butembo wakati kule Beni kulikuwa kubaya. Ni mujukuu wangu wa saba, na ndiye mwenye akili kuwashinda wote, sisemi juu ni wangu. Anahesabu mandazi kwa Kifaransa.

Niseme sasa juu ya kikwembe. Binti yangu alipokuwa na miaka mitano, sita, hakukuwa na namna. Ninakaanga mandazi, mafuta yanachemuka, nyuma yangu barabara, makamio, malori ya mbao, yanashuka, chukudu, zile baiskeli za mbao za kubeba viazi, zinakuja bila breki. Unageuka mara moja, mutoto hayuko. Unamwambia kaa, anakaa kama maji yanavyokaa kwenye kikapu. Nilimupiga, haikusaidia. Basi nikachukua kikwembe cha zamani, nikamufunga kiunoni, ncha ingine kwenye muguu wa benchi ya wateja. Sikumufunga juu ya ubaya. Nilimufunga ili jioni niwe bado na mutoto.

Siku moja mutu wa chukudu alipiga kelele. Nikageuka: benchi haiko. Mutoto alikuwa ameivuta, benchi muzima, mpaka katikati ya barabara, na kamio imesimama mbele yake inapumua. Chauffeur wa kamio alitukana mama yangu na mama wa mama yangu. Mutoto alikuwa anacheka. Alikuwa ameona mbuzi mweupe ng'ambo ya barabara.

Ile juma nilingoja simu na simu haikulia. Barabara ya Beni ilikuwa na maneno yake, siku moja wanapita, siku moja hawapiti. Nilikuwa ninawaza: akikosa kazi, atarudi hapa kukaanga mandazi pembeni yangu, na atasahau mafuta kwenye moto, na tutaungua wote. Nilikuwa ninawaza pia dokta anamupa vidonge vya ugonjwa wa mutu mwingine. Sikuonja chakula.

Siku moja mbele ya rendez-vous ya dokta, nilikuwa kwenye kazi. Mujukuu wangu akasema nyuma yangu:

"Mukaka, leo unifungue. Nitakaa tu. Naapa."

Nikamujibu bila kugeuka, "Ata mama yako alikuwaka anaapa hivyo."

Halafu nikasikia nilichosema. Mukaka ni mimi, nyanya yake. Na kikwembe kilichokuwa kiunoni mwake kilikuwa kile kile. Ndiyo. Hiyo ndiyo sababu ingine nilidanganya, na hata padri sijamwambia. Ningefungua mudomo juu ya mambo ya zamani, ningefika kwa ya leo. Na binti yangu alinipa mutoto wake nimuchunge.

Kesho yake nilimuacha mutoto kwa jirani wa shirika, nikapanda kilima na mufuko. Binti yangu alikuwa amekwisha fika, amekaa kwenye benchi ya nje, muguu wake unapiga chini, tap tap tap. Alinisalimia kama mutu anavyosalimia karani wa bureau.

Ndani, dokta akasema damu ni nzuri, rovu haiko. Akavuta karatasi. Mimi nikasema:

"Dokta, mutoto wangu, ngoja. Nilikudanganya."

Nikatoa bulletin kwenye mufuko. Alizisoma moja moja, kwa sauti, akigeuza Kifaransa kuwa Swahili ili nisikie. Mwaka wa kwanza: ana akili, lakini hakai pahali pake. Mwaka wa pili, mwalimu mwingine: anaongea mingi, anasahau daftari. Mwaka wa nne, sista mukali aliyefundisha nusu ya mutaa huu: angekuwa wa kwanza kama angemaliza anachokianza. Dokta aliangalia miaka iliyoandikwa juu, akahesabu kwa vidole.

"Hii yote ni mbele ya vita kufika kwenu?"

"Mbele. Askari hata moja alikuwa hajapita hapa."

Nikamuambia ya benchi. Nikamuambia ya sahani, na mbuzi wa bakwe, na kwa nini nilimujibu vile. Alicheka kidogo, akaomba radhi kwa kucheka, akaandika, akaandika. Halafu nikatoa kikwembe, nikakiweka kwenye meza yake ili asiseme naongeza chumvi.

Binti yangu alikigusa. Alikinusa.

"Mama. Hii inanukia mafuta ya jana."

Nikaanza kupanga bulletin upya kwenye meza.

"Mama."

"Ni barabara," nikasema. "Makamio yameongezeka. Na muguu wangu haukimbii tena."

Hakupiga kelele. Ningependa apige. Alikikunja kile kikwembe, akakiingiza kwenye sac yake, akafunga zip. Dokta aliangalia dirisha kwanza. Kisha akasema mambo haya mara nyingi yanatembea kwenye ukoo, na mujukuu wangu ataangaliwa kwa wakati wake, asifungwe wala asiitwe jina lolote leo. Leo ni zamu ya mama yake.

Akaandika. TDAH, na muhuri. Alieleza dawa zenyewe ni ngumu kupata hapa, ataziuliza pahali pengine, hakuahidi. Kwa sasa: simu ilie kila saa ya frigo, karatasi kubwa kwenye mulango wake, na muuguzi mwingine apite nyuma yake kuhakikisha, na hiyo si aibu. Binti yangu alisoma ile karatasi mara tatu. Halafu akaisahau kwenye kiti, tukafika kwenye geti ndipo tukarudi kuichukua.

Tulicheka hapo, mimi na yeye, kidogo tu. Kushuka kilima alinishika mukono juu ya matope, lakini juu ya kikwembe hakusema neno.

Karatasi imefika kwa titulaire. Amesema anaisoma. Ni juma la pili anaisoma.

Mimi ninakaanga mandazi. Nilihamisha jiko, sasa mugongo wangu uko kwenye ukuta na uso wangu unaangalia barabara. Mujukuu wangu anapeleka sahani kwa wateja, anarudi mbio, anaenda tena, na kama hakuna mteja ninamutuma ahesabu chukudu. Kila kamio likipiga klaxon, ninamutafuta kwanza, ninamuona, ndiyo ninarudi kwenye mafuta. Mandazi yanaungua. Wateja wananung'unika kwamba mukono wangu umezeeka. Baende banunue kwingine.