Siku Mvua Ilipotuvunjia Vyungu

Nakumbuka siku moja ya kuchoma vyungu, mwanangu, nilipodhani nampoteza mama yangu. Kaa vizuri, weka hiyo simu pembeni, si habari ndefu.

Baba alikuwa amefariki kwa maradhi, akatuacha mimi, mama, na bibi aliyemzaa yeye baba. Tangu mazishi mama hakusema neno. Ukimletea chakula anakisukuma. Mikono yake tu ndiyo ilikuwa hai, inafinyanga udongo kutwa nzima, na mwili unakwisha huku tunauangalia. Majirani walikuja kumwombea, wakamwimbia nyimbo za kanisani, wakamwambia jipe moyo. Anawatazama tu. Nilikuwa msichana mkubwa, najua kabisa kinachokuja, na niliogopa.

Sisi watu wa ziwani, ufinyanzi ni kazi ya wanawake, na zamani vyungu vyetu vingi havikuuzwa kwa hela. Tulivipeleka kwa wenye mpunga, upande wa Ikolo, na kanuni ilikuwa moja: chungu kinajazwa mpunga hadi mdomoni, mpunga unaubeba wewe, chungu kinabaki kwa mwenye mpunga. Basi. Vyungu vya siku ile ndivyo vilikuwa chakula chetu mpaka mavuno.

Tulivipanga juu ya kuni, tukavifunika nyasi kavu. Kabla ya kuwasha, mama akaelekeza kidevu mlimani, kulikokuwa na wingu. Bibi akamwambia, "Thubutu! Mlima huu nimezaliwa chini yake. Leo hainyeshi. Washa."

Tukawasha. Na mvua ya huku kwetu Kyela unaijua, haipigi hodi. Ilitukuta moto umekolea, vyungu vimekuwa vyekundu, maji baridi yakashuka juu yake. Pa! Pa! Pa! Tulivivuta kwa magongo, wapi, vikaendelea kupasuka mbele ya macho yetu. Mama akaketi kwenye matope, mvua inampiga, hata uso hafuti. Nikajua huyu hatanyanyuka tena.

Bibi akazunguka lile jivu, akaokota chungu kikubwa kuliko vyote. Kitako kilikuwa kimebaki chini. Akachungulia kwa juu, akaona miguu yake mwenyewe. Akaanza kucheka.

Nikawaka. "Bibi, unacheka nini? Kwani wewe huna huzuni?"

"Aliyezikwa ni mwanangu wa tumbo," akasema, wala hakupandisha sauti. "Huzuni ninayo ya kugawia kijiji kizima. Nyamaza, bado nina kazi na mama yako."

Akaenda kupiga magoti mbele ya mama, humo humo matopeni, chungu mkononi. "Mkwe wangu, mlima umeniaibisha. Kuanzia leo mtu akiniulizia habari za mvua, mwambie huyu bibi hajui kitu, akaulize kuku. Lakini hiki nakipeleka Ikolo hivi hivi. Kanuni ni kanuni. Mwenye mpunga aanze kumimina, na asiondoke mpaka kijae!"

Mama akainama. Mabega yakatikisika, nikadhani analia. Kumbe! Ikatoka sauti, imekwaruza kwa kukaa kimya siku zote zile: "Atamimina mpaka ghala liishe, mama."

Akacheka. Weee, alicheka akashika mbavu, akalia, akacheka tena huku analia, wamekumbatiana na mama mkwe wake kwenye tope. Nami nikasema kwa sauti, ndaga Kyala, asante Mungu, mvua inaniingia mdomoni. Jioni ile mama aliomba ndizi. Akala, akaongeza. Sikudanganyi, mwaka ule tulikula kwa taabu, maana vyungu vilivyopona vilikuwa vichache. Lakini tulikula watatu.

Nakuambia haya kwa sababu tangu maji ya mto Songwe yachukue mpunga wako umejifungia ndani, hata salamu huitikii. Mwanangu, kucheka si kusema hakuna kilichoharibika. Bibi alijua hasara yake kuliko sisi wote. Alicheka ili hasara isichukue na watu. Ila tazama alivyofanya: alijicheka yeye kwanza, tena akiwa amepiga magoti kwenye tope lile lile. Nawe siku ukitaka kumchekesha mwenzio, usije ukamtania aliyeanguka wakati wewe umesimama pembeni na mwavuli wako. Hiyo ni dhihaka, na inaua. Ingia naye mvuani, cheka kosa lako, halafu mwachie nafasi amalizie utani mwenyewe. Akiumalizia, jua amerudi.

Haya, nenda shamba. Mungu akupe afya, akurudishie mavuno, na siku ambayo kicheko kitakukataa kabisa, akuletee mtu wa kukuchekesha. Akichelewa kumleta, mimi bado nipo.