Kesho Napanda

Ukisema hapa kwetu Kilema kwamba mdogo wako anapanda, watu wanageuka kutazama mlima. Wanakuuliza anapitia njia gani, Marangu au Machame, na wageni wanamwachia bakshishi gani. Nimechoka kueleza. Mdogo wangu Kastori hapandi mlima. Anapanda minara ya chuma iliyo baharini, kwenye visiwa na miamba ya upande wa Tanga, ile yenye taa za kuongoza meli. Anabadilisha betri, anasafisha vioo, anakwangua kutu na kupaka rangi. Hajui kuogelea. Bahari aliiona akiwa tayari na ndevu, na ndiyo inayomlisha.

Huko Tanga wanamwita Mangi, kama wanavyomwita kila Mchaga. Baba yetu, Mzee Eliezeri, hakumwita jina lolote. Kwa miaka mingi alikuwa akisema tu "yule wa huko chini."

Kosa la Kastori lilikuwa kuzaliwa wa mwisho. Kwetu mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na wazazi, ndiye anayerithi nyumba na kihamba, yaani lile shamba la ukoo lenye migomba, kahawa na makaburi ya mababu. Wakubwa wanaruhusiwa kutawanyika na kurudi Krismasi wakijionyesha na magari yao. Wa mwisho anakaa. Kastori alikaa mpaka kahawa ilipomkatisha tamaa, akaenda kusomea umeme, akapata kibarua kwenye minara ya simu, na kutoka hapo akachukuliwa na kampuni ya kutunza taa za meli. Siku alipoaga, Baba alimwambia kwamba akikanyaga lami asije tena kuomba mbege, pombe yetu ya ndizi, nyumbani kwake. Yalikuwa maneno ya hasira, na mtu mwingine angeyasahau baada ya wiki. Hawa wawili wana kichwa kimoja. Kila Desemba Kastori alikuja akalala kwangu Moshi mjini, akapanda Kilema kumpelekea Mama sukari na sabuni, na kwa Baba akaishia kwenye shikamoo iliyoitikiwa kwa kikohozi. Mimi ni Theopista, dada yake Kastori, wa kutumwa huku na huku kati yao, fundi cherehani, na niseme wazi kwamba wanaume hawa wamenizeesha.

Kabla sijafika kwenye Jumapili yenyewe, lazima nimtaje Amon. Alikuwa mwenzake Kastori kazini, na walikuwa wakipanda pamoja. Siku moja Amon alitoka kwenye sherehe ya ubatizo amekunywa, akalala, akaamka akisema yuko sawa, jana ilikuwa jana. Kule juu ya mnara akafungua kulabu moja ya mkanda wake wa usalama kabla ya kuibana ile nyingine vizuri, mguu ukateleza, akajigonga kichwa kwenye chuma. Hakuanguka. Alibaki ananing'inia kwenye mkanda wake, hana fahamu. Kastori alimfikia upesi, akamkumbatia, akamwita. Lakini wakati ule walikuwa wamefundishwa kupanda tu. Hakuna aliyekuwa amewafundisha namna ya kumshusha mtu asiyejiweza, na mtu akining'inia hivyo damu inamwishia miguuni, hana muda mrefu. Mashua ilipoleta watu wengine, Amon alikuwa ameshafia mikononi mwake.

Haya Kastori alinisimulia mara moja tu, akiwa amekaa sakafuni kwangu anaokota vipande vya nyuzi chini ya cherehani. Sijawahi kumuuliza tena, kwa sababu niliona alivyozikusanya zile nyuzi hata zisizookoteka.

Baada ya msiba huo kampuni yao iliweka sharti. Hapandi mtu bila cheti, na cheti hakitoki mpaka umeshusha mtu kutoka juu kwa kamba, taratibu, akiwa mzima. Tena kinaisha muda, unarudi kufanya mtihani upya. Mimi huwa nawaambia wateja wangu: wageni wanapewa cheti kwa kufika kileleni, mdogo wangu anapewa chake kwa kurudi chini na mwenzake. Kastori naye akajiwekea sharti lake mwenyewe. Tangu siku ya kabla ya kupanda, pombe haipiti mdomoni kwake, hata tone.

Mwaka huu mafunzo yakaletwa Moshi. Nilicheka sana. Watu wa taa za meli wanafundishwa Moshi, ambako maji makubwa tunayoyajua ni ya mfereji. Mkufunzi wao, Mwantumu, mtoto wa Moshi mjini anayevaa kofia ngumu juu ya ushungi, hakuona cha kuchekesha. Alinionyesha mnara waliousimamisha nyuma ya maghala ya zamani ya kahawa, akaniambia, "Dada, chuma ni chuma, na ukianguka, ardhi ya hapa haina huruma zaidi ya ile ya Tanga." Mtihani ulikuwa Jumatatu. Cheti cha Kastori kilikuwa kinaelekea kuisha, na asiyefaulu angesubiri darasa jingine huku wenzake wanaondoka na mashua.

Mama aliposikia mwanawe yuko Moshi, akaanza kumshawishi Baba polepole. Baba alikuwa ameugua kipindi cha mvua, tukadhani ndiyo basi, na alipotoka hospitali alikuwa amelainika kidogo. Mwishowe akasema, "Mwiteni. Jumapili." Mama akapika mbege siku hizo zote kama anayepika ya harusi.

Jumapili baada ya misa tulikaa uani. Baba alivaa koti. Akachota mbege kwa kata, akaonja kwanza yeye, kama anavyofanya mwenye kumpa mwenzake kwa moyo safi, kisha akainyoosha kwa mkono wa kulia. Kila mtu pale alijua kata ile ina maana gani.

Kastori aliipokea kwa mikono miwili. Akaitazama. Akasema, "Baba, nashukuru. Lakini kesho napanda."

"Onja tu," Mama alisema haraka.

"Mbege ni chakula," nami nikadakia. "Hiyo mashine yao ya kupima ulevi kesho haitaona kitu."

"Amon naye alisema hakuna kitu," Kastori alinijibu kwa sauti ya chini. Akamgeukia Baba. "Nikishuka kesho nakuja kunywa hapa hapa, Baba. Naomba unitunzie."

"Kesho unapanda," Baba alisema. "Na mimi kesho nitakuwa wapi?"

Kastori aliiweka kata juu ya kigoda, taratibu, haikumwagika hata kidogo. Baba akainuka akaingia ndani, akafunga mlango. Nilikasirika, na nilimkasirikia Kastori. Nilimwambia amempiga mzee kofi mbele ya mkewe. Alikwenda kwenye ua wa kihamba, akakata jani la sale, akalifunga fundo, akaliweka kigodani kando ya ile kata, kisha akashuka zake kwa miguu mpaka barabarani kutafuta gari la mjini.

Sale kwetu si jani la kuchezea. Anayelituma anaomba msamaha, na anayelipokea hana ruhusa ya kukataa. Mimi nililala pale kwa wazazi, na asubuhi nilimkuta Baba amekaa nalo mkononi, amekunja uso. Alikuwa anatamani kulitupa na hawezi.

"Anaomba msamaha wa nini?" aliniuliza. "Kama ameona kosa, mbona hakunywa?"

Hapo uvumilivu uliniisha. Nilimweleza yote, Amon na ubatizo na kulabu na mashua. Nilimweleza kwa sauti ya juu, ambayo tangu nizaliwe sijawahi kuitumia mbele yake, na Mama alisimama mlangoni ameshika mdomo. Nilipomaliza, Baba aliligeuza lile jani.

"Alimshika peke yake?" akauliza.

"Peke yake, Baba. Mpaka watu walipofika."

Akaomba fimbo yake. Kisha akamwambia Mama amtilie ile mbege kwenye chupa, na kata aiweke kikapuni.

Tulipofika kule kwenye mnara wa mafunzo, Mwantumu alitusalimia, "Shikamoo, mzee," kisha bila kutuonea haya akatuamuru tukae nyuma ya kamba ya manjano. Baba hajazoea kuamriwa na wanawake wa umri wa binti zake, lakini alikaa. Juu ya mnara alikuwepo Fikirini, mtu wa Tanga, jitu la watu, aliyekuwa amelegea kwenye mkanda wake kama shati kwenye kamba ya kuanikia. Ndiyo ilikuwa zamu yake ya kuwa majeruhi. Kastori alikuwa anampandia. Anabana kulabu moja, anaivuta kuijaribu, ndipo anafungua ya pili. Hatua kwa hatua, mpaka nikaona uvivu kumtazama.

"Yule ameumia?" Baba aliniuliza.

"Hajaumia. Anajifanya."

"Na Kastori anajua kwamba anajifanya?"

"Anajua, Baba."

Kastori alimfikia, akafunga kamba yake juu, akamfunga Fikirini, akamtoa pale alipokwama. Wakaanza kushuka pamoja, polepole. Mkono mmoja wa Kastori ulikuwa kwenye kamba. Mwingine alikuwa ameupitisha nyuma ya kichwa cha Fikirini, ameukinga kati ya kichwa na chuma, na midomo yake ilikuwa inacheza. Alikuwa anaongea naye.

"Kama anajua," Baba alisema, "mbona anamshika hivyo?"

Nilikuwa nalia, na sioni aibu kusema hivyo. Nilipomgeukia, naye alikuwa ameng'ang'ania ile kamba ya manjano kwa mikono miwili, macho ameyakodoa juu, fimbo imeanguka chini wala hana habari nayo. Kamba hiyo aliiachia pale tu miguu ya Fikirini ilipogusa ardhi.

Mwantumu alikagua mafundo yote ya kamba za Kastori, akamwambia amefaulu, akageukia wengine. Kastori alivua kofia ngumu ndipo akatuona. Alisimama pale pale. Alisema, "Shikamoo, Baba."

"Marahaba," Baba alisema, kwa sauti, kama mtu anayetaka uwanja mzima usikie. Kisha akamwita Mwantumu. "Mwalimu. Huyu leo anapanda tena?"

"Kwa leo amemaliza, mzee."

Baba alitoa kata na chupa kikapuni, akamimina. Mbege ya Jumapili ilikuwa imeshapita siku yake, povu limelala, na harufu niliisikia tangu chupa ilipofunguliwa. Baba akaonja kwanza. Uso wake wote ukajikunja. Hata hivyo akainyoosha kata kwa mkono wa kulia, na Kastori akaipokea kwa miwili, akainywa yote mpaka chini bila kukunja hata jicho.

"Imechacha," Baba alisema.

"Iko sawa, Baba."

"Imechacha, usinidanganye." Aliichukua kata, akakung'uta masalia. "Habari ya kihamba haijaisha, hilo ujue."

"Najua, Baba."

Baba aliirudisha kata kikapuni akaifunika kwa kitambaa cha Mama. Alichukua muda mrefu kukiweka sawa kile kitambaa.

"Ukija tena," alisema akiwa bado ameinamia kikapu, "uniambie mapema siku unayopanda. Mama yako ajue apike lini."