Wiki ya Mama Jilo Kutoshika Mwiko: Garsen, Kipini na Kurudi

Mwaka ule mto ulipohama, mimi nilikuwa wa umri wa kufukuza ndege kwenye mpunga. Tulilala mto ukiwa mbele ya nyumba, tukaamka uko nyuma. Sisemi uongo, Tana ina tabia hiyo. Baba alitoka na mswaki mdomoni, akasimama pale alipokuwa akinawa kila siku, akakuta tope na kambare wanapiga mikia. Alizunguka nyumba polepole, akaukuta mto nyuma ya choo, akanawa, akarudi kunywa uji. Mama akamuuliza, "Sasa tuhame?" Baba akasema, "Twende wapi? Si umehama wenyewe?"

Mgomba wetu mmoja ulibaki ng'ambo, na jirani wa huko akala ndizi zake akisema Mungu kampa. Kesi hiyo ilikuwa ndefu, niiache. Ninachotaka kusema ni kwamba sisi watu wa mtoni hatukulelewa kusafiri. Kwetu mto ndio msafiri, sisi twakaa tukiungojea. Mimi shule niliacha darasa la pili, nikafika uzeeni bila kwenda hata siku moja mahali ambapo sina mgonjwa, sina matanga, wala sina ng'ombe aliyepotea. Ndiyo maana Mama Jilo aliponiambia anataka likizo, nilimuuliza, "Nani amekufa?"

Ilikuwa mchana wa Idi, hapa Garsen. Mama Jilo ni mke wangu, jina lake Habone, Jilo ni mtoto wetu wa kwanza. Ramadhani nzima alikuwa amepika futari na daku, za nyumba yetu na za kila aliyepita akanusa. Siku ya Idi wageni waliingia kundi baada ya kundi. Alipoona wengine wanavua viatu mlangoni, alitoka jikoni, akaniwekea mwiko mapajani mbele ya watu, akasema:

"Baba Jilo, nimechoka. Kuanzia Jumamosi mpaka Ijumaa jua likitua, mkono huu haushiki mwiko. Ukishika, kwa sababu yoyote, naenda kwa kaka yangu kule Kinakomba, na huko ndiko nitakakozikwa."

Wageni walicheka. Mimi sikucheka. Habone aliwahi kuapa, tukiwa bado vijana, kwamba hatakula papai, kisa papai nililonunua lilikuwa na wadudu. Mpaka leo papai haliingii kinywani mwake, hata hospitali walipomwandikia.

"Unataka likizo ya namna gani?" nikamuuliza kwa upole.

"Nataka kukaa pembeni ya bahari bila kazi. Na nataka kupanda lile gurudumu."

Gurudumu lenyewe, lile la viti linalopandisha watu juu, lilikuwa limeletwa na malori, pamoja na bembea na vigari vya kuzunguka, kwa ajili ya michezo ya Idi. Lilikuwa uwanjani, mwendo mfupi kutoka mlangoni petu. Nikamwambia gurudumu si hili hapa, tulipande tumalize. Akasema, "Hapa nikitoa kichwa nje, mtu ananiita. Nataka nikae mbali, nije kupanda kama mgeni, kisha niende zangu."

Basi nikapanga safari. Nilijiona nina akili sana. Kipini kuna bahari, na Kipini yuko shemeji yangu Athumani, mtoto wa mama mdogo wa Habone, mwenye duka la unga na mafuta. Kulala gesti ilhali una shemeji mji ule ni kumtukana, tena gesti hutaka kulipwa. Nikampigia simu. Athumani akasema, "Njooni! Tena mna bahati, Alhamisi namwoza binti yangu Mwanakombo." Mimi nikasikia pilau. Habone sikumwambia, nikitaka iwe furaha ya ghafla. Ona mtu mzima anavyojichimbia shimo.

Jumamosi asubuhi tulipanda basi la Lamu na begi moja, kikapu cha maembe na kuku hai. Huwezi kwenda kwa shemeji mikono mitupu.

Gamba, kwenye kizuizi cha polisi, tukashushwa tuonyeshe vitambulisho. Askari akanitazama, akamtazama kuku.

"Mzee, mnaenda wapi?"

"Likizo."

"Likizo na kuku?"

"Naye hajawahi kwenda."

Akamwita mwenzake aje asikie. Mwenzake akauliza kuku ana kitambulisho. Walicheka mpaka wakatusahau, na basi karibu lituache. Habone aliporudi kitini alisema, "Nimeanza kupumzika," na kwa kweli alikuwa anatabasamu.

Witu tukateremka, tukachukua pikipiki mbili: Habone na begi, mimi na kuku. Kabla ya adhuhuri tukawa Kipini. Habari ya harusi Habone aliipata mlangoni, nami nikamwambia mgeni hapiki.

Kipini, alasiri ya siku ile ile, tulikwenda ufukweni na mkeka. Nilitaka kumwonyesha Habone bahari ya samawati kama ya kalenda. Lakini pale ndipo mto wetu unapomwaga, na maji yalikuwa mekundu kama chai ya maziwa. Habone akatazama muda mrefu.

"Baba Jilo, umenileta huku kote kuniogesha maji ya Garsen?"

"Haya yamechanganywa na chumvi," nikasema.

Akakaa. Sasa kumbe mtu ambaye hajawahi kupumzika hajui aanzie wapi. Alinyoosha miguu, akaikunja. Akaniuliza kama tayari amepumzika. Baadaye nikaona mikono yake imeingia mchangani, inachambua: vijiwe huku, mchanga huku, vile vile anavyochambua mchele.

"Hiyo si kazi?"

"Mchanga haupikwi," akasema, akaendelea.

Jumapili alichambua eneo la kutosha kuanika samaki. Jumatatu mikono ikatulia. Jumanne alilala pale pale juu ya mkeka, mdomo wazi, nami nikakaa namfukuzia nzi, nikijiona mume bora wa pwani nzima. Jikoni hakuingia. Kila mara Bi Mwanaesha, mke wa Athumani, alipomwambia, "Wifi, njoo tupige soga huku jikoni," Habone alijibu kwamba moshi unamwasha macho. Jumatano tulikwenda Garsen siku moja, kwa ajili ya gurudumu, tukakuta limesimama linafungwa nati. Tukanunua kaimati, tukapita nyuma ya maduka majirani wasituone, tukarudi zetu Kipini.

Alhamisi asubuhi uani kwa Athumani palikuwa na mafiga makubwa na sufuria ambalo ndama angeweza kuoga. Wanawake walijaa, wakikatakata vitunguu. Wanaume tulikuwa kibarazani na kahawa. Nilipoona Bi Mwanaesha anatoka chumbani na mwiko mrefu kama kafi, umefungwa leso mpya, nikaweka kikombe chini.

"Nani atashika huo?" nikamuuliza Athumani.

"Shangazi wa bibi harusi. Ndiyo desturi ya nyumba hii. Mwiko wa kwanza ni wa shangazi. Asiposhika, ni kama amesema hamtaki bwana harusi."

"Na shangazi ni nani?"

"Shemeji, umelewa kahawa? Si mkeo!"

Kule uani Bi Mwanaesha alikuwa amesimama mbele ya Habone, ameushika mwiko kwa mikono miwili. "Wifi, heshima yako." Wanawake wote wakaacha visu. Mwanakombo mwenyewe, na hina yake mikononi, alikuwa anachungulia dirishani. Habone hakutazama mwiko. Alinitazama mimi. Niliiona Kinakomba yote ndani ya macho yale: nyumba ya kaka yake, kitanda chake kimewekwa tayari, na mimi Garsen najichemshia chai.

Nikaruka kibaraza. Goti langu moja ni bovu, lakini niliruka.

"Ngojeni! Kwetu Garsen mwiko wa kwanza hushikwa na mume wa shangazi."

Athumani akaja nyuma yangu. "Desturi hiyo tangu lini?"

"Tangu zamani. Nyinyi mmekaa baharini mmesahau."

"Na shangazi yeye hufanya nini?" akauliza Bi Mwanaesha, amefumba jicho moja.

Habone ndiye aliyejibu, taratibu kabisa: "Shangazi hushika mkono wa mumewe." Akasimama, akanishika kiwiko, nami nikaupokea mwiko. Tukakoroga pamoja, yeye akisukuma mkono wangu kama mtu anayesukuma baiskeli mbovu. Vigelegele vikapigwa. Mwanakombo dirishani akalia kwa furaha. Nikavuta pumzi, nikamrudishia Bi Mwanaesha mwiko wake.

Hakuupokea. "Aa, shemeji. Desturi ya Garsen tumeipenda. Endelea nayo."

Nikaendelea. Nilikoroga pilau ya harusi mpaka kanzu ikanigandia mgongoni, wanawake wakinielekeza kwa vidole: huku kunaungua, huku hakujaguswa, baba huyu alifundishwa na nani? Athumani alinipigia picha kwa simu akawatumia watu wa Garsen. Ukoko wa chini ulikuwa mweusi kama lami. Bwana harusi alikula, akasema ana bahati kupata ukoo wenye wanaume wapishi, na mpaka leo sijui kama alikuwa ananisifu. Habone alikuwa mkekani, anapepewa.

Jioni aliniambia, "Imebaki kesho tu, Baba Jilo. Ijumaa jua likitua tumevuka."

Ijumaa, baada ya swala ya mchana, tukaaga Kipini. Alasiri tukawa uwanjani Garsen. Gurudumu lilikuwa linazunguka, watu wanapiga kelele huko juu. Nikakata tiketi. Habone alikuwa amejitanda buibui mpaka machoni ili asijulikane, na pengine asingejulikana kama si kijana mmoja aliyenipigia ukelele kutoka kwenye vigari: "Mzee wa pilau! Mko likizo ama mmerudi?" Picha za Athumani hizo.

Watu wakageuka. Na ndani ya watu hao nikamwona Bi Dhahabo, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, anakuja mbio. Alikuwa ametoka jikoni moja kwa moja, kwa sababu mwiko ulikuwa mkononi, bado una nazi.

"Mama Jilo! Mungu amekuleta! Usiku wa leo nina hitima ya marehemu mama, wali uko motoni, na wali wa watu wengi nani anauweza kama wewe? Shika hapa, tangulia, mimi natafuta sukari."

Sasa harusi mtu unaweza kuizungukia kwa maneno. Hitima huizungukii. Marehemu mwenyewe alimlea Habone kama binti tangu siku nilipomleta Garsen. Nikatazama jua. Lilikuwa bado juu ya mnara wa simu, halina haraka yoyote.

"Nakuja, dada," akasema Habone, mikono ameificha ndani ya buibui, "nimekatiwa tiketi, nizunguke tu mara moja." Akanivuta, tukaingia ndani ya kile kiti cha chuma, tukafungiwa mnyororo tumboni.

Mwenye kuendesha gurudumu alikuwa mtu mzima kutoka upande wa Mombasa, shati jekundu, uso wa mtu aliyeamka na ugomvi. Alikuwa akigombana kwa simu na tajiri yake juu ya mshahara, tulimsikia hata tukiwa kwenye foleni. Akavuta kamba, injini ikakohoa, tukapanda. Tukafika juu kabisa. Injini ikakohoa tena, ikanyamaza, nasi tukabaki pale tunaning'inia kama nguo.

"Petroli imekatika!" akaita. "Wazee, tulieni, nakwenda kuleta!"

"Bwana, mshushe kwanza huyo mama!" Bi Dhahabo akapiga kelele, mwiko juu.

"Mama, injini hainywi maneno." Akachukua jerikeni ya manjano, akaondoka.

Kulikuwa na upepo huko juu. Tuliuona mto wote, na kona zake mpya na za zamani, na paa la nyumba yetu, na moshi wa jikoni kwetu ambao kwa mara ya kwanza moto wake hakuuwasha yeye. Chini Bi Dhahabo anaita, mke wa Jilo naye amefika anaita, halafu wengine. Habone aliegemeza kichwa begani kwangu mbele ya mji mzima, kitu ambacho hakuwahi kufanya hata mlango ukiwa umefungwa.

"Kumbe kupumzika ni huku," akasema. "Uitwe, na usiweze kwenda."

Nikamwambia mafuta yakija tutashuka kabla ya magharibi, na mwiko unamngojea. Alikuwa anamfuata kwa macho yule mtu wa shati jekundu, aliyekuwa amevuka uwanja na kufika barabara kuu. Kituo cha mafuta kiko kushoto. Yeye alisimama tu pale. Akaiweka jerikeni chini, kando ya lami, akaisawazisha vizuri isianguke. Basi la Malindi likatokea, akainua mkono.

"Baba Jilo," Habone akanong'ona, "yule si anapanda basi?"

"Ndiye."

"Waliopo chini wanamwona?"

"Hapana. Ni sisi tu."

"Basi nyamaza."

Nikanyamaza. Basi likafunga mlango, likashika njia ya Malindi polepole, halafu mbio, na yule bwana hajarudi mpaka leo.